Muhuri kwenye Paleti za Babu

Kijijini, 3 Julai 2024

Binamu Stathis,

Hali yako na joto la Pireas? Sisi ni wazima. Goti la babu linamsumbua, naye anamlaumu daktari aliyemkataza kupanda ngazi, maana anasema lilianza kuuma siku ile ile alipoacha kupanda. Pichi za mwanzo zimeiva. Mama yako bado anaweka sahani yako mezani, kisha anakumbuka na kuirudisha kabatini. Mama yangu anakusalimu.

Posta ya kijijini imefungwa kabisa. Sasa barua zinaletwa mjini, kwenye duka la mboga, mara mbili kwa wiki, nami huzifuata kwa baiskeli. Lakini tuendelee kama tulivyokubaliana tukiwa na miaka kumi na moja: simu kwa utani, karatasi kwa mambo ya kweli. Unajua kwa nini nililiomba hilo. Kwenye simu mdomo hunikauka.

Sasa jambo la kweli. Nimekaa siku kumi nikitafuta namna ya kukupongeza. Hongera.

Naikumbuka meza ya Pasaka neno kwa neno. Mjomba Prodromos aliposema kwamba hana mtoto, na kwamba atachukua mjukuu mmoja wa babu akasome Pireas, mchana shule, jioni ofisini kwake kujifunza kusafirisha mizigo, halafu amlipie chuo cha mambo ya meli, mama alisema, "Vaya ndiye wa kwanza darasani." Mjomba akacheka. "Mlangoni kwangu pameandikwa Evstathios na Wanawe. Jina la baba analo Stathis." Basi, ikaisha. Kisha akaongeza: "Mpaka Krismasi ni majaribio. Akiharibu, atakuja Vaya."

Tangu mwaka juzi mimi ndiye nasoma habari za meli, wewe ukisoma matokeo ya mpira. Sikulaumu. Wewe hukujipa jina.

Niandikie kila kitu. Meli zingapi unaziona? Ni kweli hakuna anayepita tena Bahari ya Shamu?

Binamu yako,
Vaya

---

Pireas, 19 Julai 2024

Vaya,

Salamu kwenu wote, na mwambie mama yangu ale chakula changu asikirudishe chunguni. Mimi sijambo. Ba'mkubwa Prodromos anapika wali na dagaa siku nne kwa wiki. Siku nyingine tunakula kwa jirani.

Unataka kila kitu, haya. Meza yangu iko dirishani. Naona bandari yote, winchi zile kubwa za buluu, na meli zikiingia moja baada ya moja. Mbele yangu kuna skrini ya ramani, kila meli ni nukta. Nikibonyeza nukta naambiwa jina lake, imebeba nini na inafika saa ngapi.

Ndiyo, meli nyingi hazipiti Bahari ya Shamu. Wenye meli wanaogopa makombora, hivyo zinaizunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema. Safari inarefuka wiki mbili, hata tatu. Kwa hiyo meli hazirudi kwa wakati, makontena matupu yanakosekana, na wenye maduka wanaagiza bidhaa za Krismasi tangu Juni. Kiwanda kimoja cha Volos kimeacha kununua vifungo China, sasa kinanunua Bulgaria, bei juu lakini lori linafika kwa siku mbili. Na kila mteja sasa anataka kujua mzigo wake uko wapi, leo, saa hii! Zamani, Ba'mkubwa anasema, ulimwambia mtu "uko baharini" naye akashukuru. Hati nazo zinahamia kwenye kompyuta, na kosa moja dogo linasimamisha kontena zima.

Halafu sikia hili. Amenipa kontena la babu! Zile chupa za pichi zinazoenda kwa Bwana Lefteris, mnunuzi wetu wa Melbourne. Mara ya kwanza familia inauza yenyewe badala ya kupeleka kiwanda kikubwa, na mimi ndiye nalishughulikia kutoka mwanzo hadi mwisho. Ba'mkubwa amesema hilo ndilo jaribio langu.

Nakimbia, simu zinalia.

Stathis

---

Kijijini, 8 Agosti 2024

Binamu,

Shikamoo ya babu ufikishiwe wewe, maana siku hizi anazungumza kana kwamba wewe ndiye mkubwa. "Kijana wangu wa Pireas." Baba yako ameumwa na nyuki mara mbili na amepona. Tunatia pichi chupani tangu alfajiri, kwenye kiwanda chetu kidogo. Mikono yangu inanuka sukari hata nikioga.

Dirisha lako nimelifikiria sana. Niliota nimekaa hapo. Ulikuja na barua za kupanga, nikakwambia uziweke pale.

Kuhusu vifungo: Bulgaria si "bei juu lakini haraka" tu. Nimesoma kwamba wenye viwanda wanapiga hesabu ya mali inayolala baharini miezi miwili bila kuuzwa. Ukiweka hilo, pengine Bulgaria ni rahisi zaidi. Huenda mjomba amekwambia, nawe ukasahau kuniandikia.

Babu anatengeneza paleti mwenyewe, chaga za kupangia chupa. Amekata mipopla mitatu kati ya ile miti yake minne ya kando ya mfereji, aliyoipanda mwaka aliozaliwa mjomba. Anapiga misumari huku akiimba. Nilimwambia mjini kuna paleti za kununua. "Pichi zangu," akasema, "zikanyage mbao za watu?" Kila jirani anayepita anaitwa aje aone. Amechonga herufi E kwenye kila moja.

Kontena letu nalifikiria pia. Nasema letu, samahani. Lako.

Vaya

---

Pireas, 30 Agosti 2024

Vaya,

Natumaini pichi hazijawamaliza. Mimi nimekonda kidogo, usimwambie mama. Shule inafungua tarehe kumi na moja, simjui mtu.

Nina swali, na nakuandikia kwa sababu ofisini nikipiga simu Ba'mkubwa anasikia, na nyumbani kwa babu simu inazunguka meza nzima.

Kuna fomu ya mzigo. Moja ya maswali yake ni kama mbao za paleti zimepikwa kwa joto kwenye tanuri maalumu ili wadudu wafe, na kama zina muhuri wa kuchomwa, ule wenye alama ya shuke la ngano. Australia ni wakali sana kuhusu mbao. Bila muhuri kontena linazuiwa, na pengine linarudishwa.

Uliniandikia kwamba babu anatengeneza mwenyewe. Je, mbao alizipeleka tanurini kwanza? Lazima alizipeleka, amefanya kazi na mbao maisha yake yote. Lakini siwezi kumuuliza. Unajua atakavyosikia: mjukuu aliyevaa jina lake anamwambia mbao zake zina funza. Na Ba'mkubwa nikimuuliza, atajua kwamba sikuuliza mapema.

Wewe umeziona. Angalia tu, uniambie. Lori linakuja kuchukua kontena Jumatatu tarehe 23 Septemba, meli inaondoka tarehe 25. Zikiwa hazina muhuri, nina muda wa kuleta paleti nyingine kutoka Veria, kazi ya nusu siku.

Nakutegemea.

Stathis

---

Kijijini, 19 Septemba 2024

Binamu Stathis,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Kesho ni siku ya Mtakatifu Evstathios, siku ya jina lako na la babu, basi nakutakia miaka mingi. Mama ameoka pai ya malenge trei tatu. Shangazi wa Edessa amejifungua mtoto wa kiume, kilo nne na robo. Mvua imenyesha Jumanne tu. Nimepata ishirini kwa ishirini kwenye fizikia na mwalimu amenisomesha jibu langu mbele ya darasa, nusura nizimie. Paka wenu amerudi.

Barua yako niliipata tarehe 9. Nimekuwa na kazi nyingi.

Paleti za babu hazina muhuri. Hazikupelekwa tanurini. Nimeziangalia zote kumi.

Vaya

---

Pireas, 27 Septemba 2024

Vaya,

Barua yako imefika jana. Meli imeondoka juzi.

Ijumaa tarehe 20 mlinipigia simu. Ulinitakia miaka mingi. Ba'mkubwa alikuwa kando yangu anamenya tufaha, kwa hiyo nilikuuliza kwa kificho, "Lile nililokuuliza, vipi?" Nawe ukasema, "Nimekuandikia."

Nilidhani ni heri. Nilidhani kama ni shari ungesema. Nikatia alama kwenye "ndiyo", nikasaini.

Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu zilikuwa siku tatu. Namba yangu unayo.

Meli itashusha kontena kusini mwa Hispania, lingoje meli kubwa ya kuizunguka Afrika. Halafu Melbourne watalifungua. Hapa hakuna anayejua ila mimi. Kila asubuhi Ba'mkubwa ananiita, "Njoo tuone nukta ya babu imefika wapi," naye anafurahi.

Usinipigie.

Stathis

---

Kijijini, 6 Oktoba 2024

Stathis,

Sikuulizi hali yako kwa sababu naijua, na ni mimi niliyeisababisha.

Barua yako niliisomea pale pale dukani, mbele ya vitunguu. Nitakuandikia yote, usipotaka usisome.

Niliposoma swali lako tarehe 9, nilikwenda uani na kuzitazama paleti. Ilichukua dakika moja. Nikarudi ndani na wazo la kwanza halikuwa kontena. Lilikuwa: ataharibu. La pili: nitakwenda Pireas. Nikaiweka barua ndani ya kitabu cha historia, na siku kumi nilikifungua kurasa zote isipokuwa pale. Kisha nikapiga hesabu. Duka hupeleka barua Ijumaa na Jumanne. Niliandika Alhamisi. Nilijua itafika wiki inayofuata. Nilitaka niwe nimekwambia, na wewe uwe hujajua.

Siku ya jina walikuja watu ishirini. Babu alikuwa amekunywa glasi mbili za tsipuro, ile pombe kali ya zabibu, na paleti zimepangwa uani kama wageni. "Mipopla yangu itafika Australia kabla yangu," akasema. Jirani yetu mzee, Barba Thanasis, akamjibu, "Wewe hata Naousa hufiki bila kusimama mara tatu kukojoa, achilia mbali Australia." Watu wakacheka mpaka wakalia. Ndipo mama akakupigia na simu ikazunguka, na ilipofika kwa babu akazungumza kidogo, akanipa. "Shika, Vayula. Zungumza na jina langu."

Si "na Stathis". Na jina langu.

Mimi ndiye humsomea gazeti, ndiye humpaka dawa ya goti. Nilikuwa na simu sikioni na wewe ukauliza, na paleti zilikuwa mita tano kutoka miguuni pangu. Mdomo haukunikauka hata kidogo. Nilisema "nimekuandikia" kwa sauti nzuri kabisa. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Juzi baada ya kusoma barua yako nilimpigia mjomba. Nakuandikia tulivyosemezana, usije ukasikia vingine.

"Mjomba, ni Vaya."

"Nani kafa?"

"Hakuna. Paleti za babu hazina muhuri."

"Stathis ametia alama ya ndiyo."

"Aliniuliza mimi. Nilijua tangu tarehe tisa. Nikamjibu kwa barua."

"Simu yako ilikuwa mbovu?"

"Hapana."

"Tulizungumza siku ya jina, ukanisimulia habari za pai."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini, mtoto wewe?"

"Nilitaka kiti chake."

Nikasikia kiti chake mwenyewe kikilia, amesimama. Akasema kontena lilishushwa Hispania Jumanne, na bandari ile imejaa kwa sababu ya mzunguko wa Afrika, hivyo meli ya pili haiji kabla ya tarehe 20. "Wiki tatu nimetukana msongamano ule," akasema. "Ngoja niupigie simu niuombe radhi." Kisha akasema, "Babu yako utamwambia wewe."

"Mwambie wewe, mjomba."

"Nina miaka hamsini na minane, sijawahi kumwambia baba kwamba kitu chake kina kasoro. Utamwambia wewe, na leo."

Nilimwambia. Alikuwa anakata kucha kwa kisu. Aliuliza, "Nani anasema mbao zangu zina wadudu?" Nikasema hakuna, wanataka tu kuona zimepikwa. "Kupikwa! Ni mbao au maharage?" Nikamwambia na sehemu yangu pia, kwamba nilijua. Hapo hakufoka. Alikunja kisu chake, akaingia ndani. Leo siku ya pili hajasema nami. Gazeti anajisomea mwenyewe, analishika mbali, haoni kitu.

Majaribio yako nimeyaharibu mimi. Nimemwambia mjomba hivyo.

Vaya

---

Pireas, 21 Oktoba 2024

Vaya,

Mama amenipigia, najua babu bado hasemi nawe. Hapa hali ni hii.

Ba'mkubwa alinunua paleti zenye muhuri kule kule Hispania. Watu wa ghala walifungua kontena, wakahamisha chupa zote, wakapiga picha, hati zikarekebishwa. Meli imeondoka jana. Paleti za babu zimebaki huko. Mtu wa ghala aliuliza herufi E ni ya nini.

Mimi nilifokewa saa nzima. Kisha Ba'mkubwa akakaa, akasema, "Mmoja alijua asiseme. Mwingine hakujua, akatia saini. Ningewafukuza wote wawili, ila wewe ushafika na yeye hajafika." Ndiyo hivyo, nabaki. Hata baada ya Krismasi. Hakukutaja tena ila mara moja, aliuliza nani alikufundisha habari za gharama ya mali inayolala baharini, maana nilimsomea kipande kile cha barua yako ya Agosti kama changu, kisha nikakiri. Nikasema umejifunza mwenyewe. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye simu.

Sasa nami nina langu. Dirisha halipo, wala halikuwepo. Nakaa nyuma, kati ya mashine ya kunakili na choo. Bandari naiona nikitumwa mkate. Wenzangu ofisini wananiita Pichi. Shuleni nakula peke yangu. Nilikuandikia dirisha kwa sababu nilijua litakuuma.

Na unajua kwa nini nilitaka likuume? Babu akinipigia anauliza mzigo, meli, Ba'mkubwa. Hajawahi kuuliza nimekula nini. Halafu dakika kumi ananisimulia Vaya kasema hivi, Vaya kasoma vile. Nilitaka kuwe na kitu kimoja ambacho mimi ninacho na wewe huna.

Sijakusamehe. Nakuelewa, na wala hilo halinifurahishi.

Stathis

---

Kijijini, 14 Januari 2025

Stathis,

Heri ya mwaka, ingawa tumeshakutana Krismasi na tulichoambiana siku sita ni "nipe chumvi" na "mlango". Mama yako alituangalia kama mtu anayeangalia mpira bila bao. Babu ni mzima. Amezungumza nami tangu Novemba, hakutangaza, alinisukumia tu gazeti mezani na kusema, "Anzia na vifo." Wiki iliyopita amepeleka mbao za mpopla wa nne tanurini Veria. Alikaa kwenye kiti mbele ya tanuri siku nzima asije akabadilishiwa. Amerudi na muhuri kwenye kila ubao na anaonyesha majirani shuke la ngano kana kwamba amelibuni yeye.

Kontena limefika. Bwana Lefteris alipiga simu Ijumaa. Chupa mbili tu zimevunjika. Mama yake, aliyezaliwa hapa kijijini na sasa ana miaka tisini na mmoja, alifungua chupa akala kwa vidole wamesimama bado kwenye ghala, akataka kujua ni bustani ya upande upi wa mfereji. Bwana Lefteris anataka makontena mawili msimu ujao, na anataka yatoke mapema, kwa sababu hajui njia itakuwa ipi.

Mama yako ametangaza kwenye ua wa kanisa kwamba mjomba amekupa funguo za ofisi. Alitangaza mara mbili, upande wa wanaume na upande wa wanawake.

Mimi nimeanza masomo ya ziada kwa ajili ya mtihani wa chuo. Alama za kuingia idara ya meli ya Pireas ni za juu, lakini hawaulizi jina.

Nilipoambiwa kontena limefika, nilifurahi kwa ajili ya babu, na kwa yule mama wa Melbourne. Nikangoja nione kama nitafurahi kwa ajili yako. Nilingoja jioni nzima, kwa haki kabisa, nimefunga vitabu. Furaha haikuja. Habari ya funguo ilinichoma kama zamani. Ningeweza kukuandikia hongera, ila nimekuandikia uongo wa kutosha.

Lakini kabla Bwana Lefteris hajapiga simu, kila asubuhi niliitazama ile nukta kwenye simu, ikishuka Afrika na kuvuka bahari upande wa pili, na tangu mwezi uliopita sikutamani izame. Sikutamani uharibu. Ni jambo dogo. Sina kubwa zaidi la kukupa kwa sasa, na hilo ni la kweli.

Vaya